Mkono wa kulia wa fidla: pedali, pumzi au kinanda cha mpira?

Mzee mmoja aliyepiga fidla kwenye taarabu miaka na miaka alinitembelea studio. Baada ya shikamoo na kahawa nikamsikilizisha utangulizi wa wimbo niliokuwa nautengeneza: fidla peke yake, vipimo vinane. Niliupiga kwa kinanda, sauti ikitoka kwenye kompyuta, na sikufichi, nilikuwa najivunia. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa, akaomba nirudie, kisha akasema: "Mkono wa kushoto nausikia, mwanangu. Wa kulia uko wapi?"

Kwa asiyewahi kushika fidla: mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi na kuchagua noti, wa kulia unavuta upinde. Noti zangu zote zilikuwa mahali pake. Kilichokosekana ni upinde: kule kuanza kwa mnong'ono, kujaa katikati ya noti, kusita kidogo kabla ya kupanda. Kinanda changu kilikuwa na mkono mmoja tu.

Tangu siku ile nimeutafuta huo mkono wa pili. Nimepita kwenye pedali, mrija wa pumzi, saksafoni ya umeme, kinanda cha mpira, kioo cha iPad. Vingine nilinunua, vingine niliazima kwa wenzangu na kuvirudisha shingo upande. Kote nilipiga vipande vilevile viwili ili nisijidanganye: kipande cha fidla chenye noti moja inayoteleza kupanda na kukaa vipimo viwili, na kipande cha filimbi chenye noti saba fupifupi kwa pumzi moja. Upendeleo wangu nautaja mapema: mimi ni mpiga kinanda, vidole vyangu vimelelewa na vibonyezo vyeusi na vyeupe.

Kinanda ni nyundo

MIDI, lugha ambayo vinanda na kompyuta huzungumza, ilitoka mwaka 1983 na mawazo yake ya msingi ni ya piano. Ukibonyeza, kinanda kinapeleka namba ya noti na nguvu ya pigo, kati ya 1 na 127. Halafu kinanyamaza mpaka uachie. Kwa piano hiyo inatosha, maana nyundo ikishagonga waya, mpigaji hana tena la kuifanya noti ile zaidi ya kuiacha au kuizima.

Fidla haina nyundo. Sauti yake inazaliwa pale upinde unapotembea, na inaendelea kubadilika kila sentimita ya safari hiyo. Filimbi, tarumbeta, saksafoni na sauti ya binadamu ni hivyohivyo. Ili kompyuta iigize vitu hivi inahitaji kuambiwa jambo jipya kila wakati noti inapolia: sasa zaidi, sasa punguza, sasa tetemesha. MIDI ina njia za kupitishia habari hizo, zinaitwa CC, kila moja na namba yake. CC1 ni gurudumu la pembeni mwa kinanda, CC11 ni ukali wa sauti unaopanda na kushuka ndani ya noti, na CC2 ilitengwa kwa ajili ya pumzi. Usidhani pumzi ni fasheni ya jana: sintesaiza ya Yamaha DX7 ya mwaka huohuo wa 1983 ilikuwa na tundu la kuchomekea mrija wa kupuliza.

Hapa nimwokoe mtu pesa zake kabla hatujafika mbali. Kama unachotafuta ni ganuni, udi, gitaa au marimba, huhitaji chochote kati ya vitu hivi. Hizo ni ala za kudonoa na kugonga. Uzi ukishadonolewa umetoka mkononi, sawa na nyundo ya piano. Kinanda cha kawaida chenye mguso mzuri, gurudumu la kupinda sauti na mazoezi ya kutikisa noti moja harakaharaka kama ganuni vinakufikisha. Nimemwona kijana akihangaika kutafuta kontrola ya gharama (kontrola ni kifaa cha kuiongoza sauti ya kompyuta) kwa ajili ya udi, na tatizo lake lote lilikuwa kwamba kila noti aliipiga kwa nguvu ileile.

Kwanza programu, maana hapo ndipo wengi hujikwaa

Kuna makundi mawili. La kwanza ni sauti zilizorekodiwa: mpigaji wa kweli aliwekwa studio, akapiga kila noti kwa ulaini na kwa ukali, na wewe unavuta rekodi zile. Uzuri wake ni kwamba rangi ya sauti ni ya kweli kabisa, hasa kwa kundi zima la fidla. Ubaya wake ni uzito. Maktaba kubwa za aina hii hufika mamia ya gigabaiti, na anayepakua kwa bando anajua maana yake. Kwa kuonja, Spitfire Audio wana toleo la bure la okestra yao, BBC Symphony Orchestra Discover, ambalo ni jepesi kiasi cha kupakua jioni moja. Ubaya wa pili ni wa ndani zaidi: mpigaji yule alitetemesha noti kwa namna yake, ukaipata hiyo tu. Ukitaka noti ianze kavu kisha itetemeke mwishoni, umebaki kuomba.

Kundi la pili halina rekodi ndefu za noti. Kompyuta inakokotoa mwendo wa uzi, upinde na mwili wa fidla wakati uleule unapopiga. Inayojulikana sana ni SWAM ya Audio Modeling, kampuni ya Italia, yenye fidla, selo, filimbi, saksafoni, tarumbeta na ndugu zao. Faili zake ni ndogo mno zikilinganishwa na maktaba za rekodi, lakini prosesa inatoka jasho, kwa hiyo laptopu ya zamani itakwaruza ukifungua fidla nne kwa pamoja. Na sharti lake kuu ndilo linalowachanganya wengi: ukibonyeza kibonyezo bila kusogeza CC11, fidla haitoi sauti yoyote. Upinde haujatembea, itoe sauti gani? Mimi mwenyewe nilipoteza saa nzima nikikagua nyaya na spika kabla ya kung'amua kwamba programu ni nzima, aliyesimama ni mimi.

Ulinganisho wote ufuatao nimeufanya kwa kundi hili la pili, kwa sababu ndilo linaloanika tofauti za kontrola. Sauti zilizorekodiwa husamehe, hizi hazisamehe.

Pedali na slaida: mkono wa kulia wa bei nafuu

Kama kinanda chako kina tundu la pedali ya ekspresheni nyuma, anza hapo. Si pedali ya kushikilia noti, ile ya washa-zima. Hii ni inayokanyagwa kwa viwango, kama ya gesi ya gari. Tahadhari moja ya dukani: watengenezaji hawakubaliani juu ya mpangilio wa waya ndani ya plagi. Yamaha FC7 na Roland EV-5 zinafanana kwa macho, lakini ukichomeka moja kwenye kinanda cha mwingine unaweza kupata pedali inayoruka kutoka sifuri hadi juu bila katikati. Nenda dukani na jina la kinanda chako, ikiwezekana na kinanda chenyewe.

Kinanda chako hakina tundu? Kuna visanduku vidogo vya slaida kama Korg nanoKONTROL2, slaida nane, vinachomekwa kwa USB. Mkono wa kulia unapiga noti, wa kushoto unasukuma slaida. Ajabu ya mambo ni kwamba ukifanya hivyo mikono imebadilishana kazi za fidla, na mzee wangu alicheka sana nilipomwonyesha.

Kipande cha fidla kwa pedali kilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Mguu unajua kupandisha polepole. Noti ndefu ilivimba na kunywea kama inavyotakiwa. Siri ni kuanza kukanyaga kabla kidogo ya kidole, ili noti izaliwe upinde ukiwa tayari unatembea. Kipande cha filimbi kilikuwa aibu. Noti saba fupi zinataka kitu kinachowahi, na mguu ni mnyama mzito. Nilijaribu mara kumi na mbili, mwisho nikachora mistari kwa kipanya, noti moja baada ya nyingine. Inawezekana kuchora wimbo mzima hivyo, na wako prodyuza wanaofanya hivyo kila siku na matokeo yakawa mazuri, ila ukimaliza umechora, hujapiga.

Pumzi

Mrija wa pumzi ni kitu kidogo: unaushika kwa meno au unaubeba kwa kishikizo shingoni, waya wa USB unaingia kwenye kompyuta, na kila unavyopuliza namba inapanda kutoka 0 hadi 127. Niliotumia zaidi ni wa TEControl, ule wa BBC2, ambao mbali na pumzi unapima pia unavyouma mrija na unavyoinamisha kichwa. Mikono yote miwili inabaki huru kwenye kinanda.

Hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo pedali ilikuwa imenidokezea tu. Pumzi haifungwi kwenye noti. Ukipuliza sentensi ya noti saba, pumzi ni moja, na noti zinapita ndani yake kama watu wanaovuka daraja. Daraja halijengwi upya kwa kila mmoja. Upinde wa fidla ni hivyohivyo: mkono wa kulia unavuta mara moja, wa kushoto unabadilisha noti nne. Kwa hiyo ingawa ni ajabu kupuliza ili upige fidla, mwili unakubali ndani ya siku chache. Unaanza kupiga sentensi. Na penye koma unajikuta umevuta pumzi, kwa sababu huna budi.

Kipande cha filimbi, kile kilichonishinda kwa mguu, kilitoka mara ya tatu. Ulimi unafanya kazi ileile anayoifanya mpiga filimbi: tu-tu-tu, kila noti inakatwa na ulimi huku kifua kikiendelea kusukuma. Kwenye skrini mstari wa CC ulionekana kama matuta ya mchanga ufukweni, hakuna mawili yaliyolingana. Nilipochora kwa kipanya matuta yangu yote yalikuwa mapacha.

Sasa maudhi yake. Kwanza, hewa unayopuliza haina pa kwenda, unajikuta umejaza mashavu na kichwa kinagonga. Ndiyo maana mrija huwa na nafasi ya kuvujisha hewa, na inafaa uicheze mpaka upulizaji uwe kama wa filimbi, usiwe kama wa kujaza puto. Pili, mdomo unakauka na mrija unalowa, yote kwa pamoja. Tatu, huwezi kuimba wala kuhesabia wenzako mdundo. Nne, haupendezi jukwaani. Dada mmoja aliniambia nafanana na mtu wa wodini. Na tano, mrija si kitu cha kuazimana bila kubadilisha kipande cha mdomoni. Mimi niliuazima, nikanunua wangu.

Uwe tayari pia kurekebisha mwitiko. Ukiacha ulivyo, pumzi ndogo huenda isitoe kitu na pumzi ya katikati ikawa tayari ni kelele. Programu nyingi zina mkunjo unaoweza kuuvuta. Fanya noti nyororo kabisa isikike kwa pumzi unayotumia kupoza chai, kisha uendelee kutoka hapo.

Ukipuliza kwa vidole: EWI na Aerophone

Kama wewe ni mpiga saksafoni, filimbi au klarineti, ruka yote niliyosema na uje hapa. Hizi ni ala kamili za kupuliza zisizo na sauti ya hewa: pumzi, vidole na midomo vyote vinapelekwa kama MIDI. EWI ya Akai inatokana na kazi ya mpiga tarumbeta wa Marekani, Nyle Steiner, na Akai walianza kuiuza mwaka 1987. Vibonyezo vyake havisogei, vinahisi ngozi. Oktavu zinabadilishwa kwa kidole gumba kinachotembea juu ya vigurudumu nyuma. Inakwenda kasi kuliko saksafoni yoyote, na inaadhibu kuliko saksafoni yoyote, maana kidole kikigusa tu mahali kisipotakiwa, noti imeshatoka. Mwenzangu mpiga saksafoni alisema ni kama kutembea pekupeku juu ya mayai.

Aerophone za Roland, zilizoanza na AE-10 mwaka 2016, zina vibonyezo vinavyobonyea kama vya saksafoni, na miundo kama hiyo AE-10 ina spika ndani, unaweza kupiga barazani bila kompyuta. Mwenye vidole vya saksafoni atajisikia nyumbani mapema zaidi.

Mimi? Kipande cha filimbi kilichukua wiki mbili kukipiga vibaya. Pumzi ilikuwa yangu, vidole havikuwa vyangu. Sizisemi vibaya, nasema tu kwamba mpiga kinanda anayenunua EWI ananunua ala mpya ya kujifunza miaka, na hilo ni sawa ikiwa ndicho anachotaka.

Kinanda cha mpira na kinanda kinachotikisika

Hapa tunaingia kwenye MPE. MIDI ina mikondo 16, na zamani kinanda kizima kilitumia mmoja, kwa hiyo ukipinda sauti zote zilipinda. MPE, iliyokubaliwa rasmi mwaka 2018, inakipa kila kidole mkondo wake. Ukishika kodi, yaani noti tatu kwa pamoja, unaweza kutetemesha ya juu, kuivimbisha ya kati na kuiacha ya chini itulie.

Seaboard ya ROLI, kampuni ya London, ni kinanda kilichofunikwa mpira laini mfululizo. Unasukuma kidole kulia na kushoto, sauti inateleza, unakizamisha, inakua, unakipeleka mbele, rangi ya sauti inabadilika. Noti yangu ya fidla inayoteleza kupanda ilitoka hapa kwa uzuri ambao sikuupata kokote kwingine. Kwa gurudumu unapinda. Kwa mpira unateleza, na sikio linajua tofauti. Vibrato unaifanya kwa kutikisa kidole, kama mkono wa kushoto wa fidla unavyofanya hasa. Tabu ni kupiga noti kwa usahihi. Kidole kikitua milimita tatu pembeni na kinanda kimewekwa kufuata kila kitu, umepiga noti chafu. RISE 2 imewekwa mistari iliyoinuka ili kidole kijue kiko wapi, inasaidia. Na kwa sisi wa mwambao kuna jambo ambalo halimo kwenye maelezo ya dukani: mwezi wa Machi, feni imezimika, vidole vina jasho, mpira unanata. Watumiaji wengi hupaka poda kidogo. Mimi pia, na meza yangu inafanana na ya kinyozi.

Osmose ya Expressive E, ya Ufaransa, imechukua njia nyingine: vibonyezo 49 vya kawaida vya ukubwa kamili, lakini kila kimoja kinatikisika kulia na kushoto, na ukikifikisha chini kinaendelea kuzama. Sauti inaweza kuanza mwanzoni kabisa mwa safari ya kibonyezo, ukiwa umekigusa tu. Kwa mpiga kinanda hiki ndicho kitu kinachomshangaza: vidole vinajua vilipo, na bado noti inapumua. Tena ina sintesaiza yake ndani, EaganMatrix ya Haken Audio, kwa hiyo haitegemei kompyuta. Bei ndiyo inayokata maini. Ilipotoka ilikuwa karibu dola 1,800, kabla ya usafiri na ushuru.

Sasa neno ambalo wauzaji wa MPE hawalisemi. Kwenye vinanda hivi vyote viwili nguvu ya sauti inakaa kwenye kidole. Kidole kimoja kikiondoka na kingine kikishuka, shinikizo linaanza upya. Sentensi ya noti saba inakuwa vilima saba, kila noti inavimba na kunywea peke yake, kama kodiani inayovutwa na mtoto. Unaweza kujifunza kubeba uzito kutoka kidole hadi kidole, wapo wanaofanya hivyo vizuri sana, lakini ni kazi ya miezi. Pumzi na pedali hazina shida hii hata kidogo. Dawa niliyofika nayo ni kugawa: kidole kiteleze na kutetemesha, shinikizo la kidole nilizime, na ukali wa sauti uende kwa pedali au mrija. Mkono wa kushoto wa fidla kwenye mpira, wa kulia kwenye pumzi. Nikipewa vitu vyote bure ndivyo ningepiga kila siku.

Lakini kwa kodi, kwa zile fidla tatu zinazomjibu mwimbaji kwa pamoja, mambo yanageuka. Mrija mmoja unazipandisha na kuzishusha zote kama askari gwarideni. Kwa Osmose kila moja ina mwendo wake, na hapo kundi linasikika kuwa ni watu.

LinnStrument ya Roger Linn, yenye vigae 200 katika mistari minane iliyopangwa kama nyuzi za besi, nimeishika siku moja tu. Mpiga gitaa aliyekuwepo aliichukua akapiga papo hapo. Mimi nilitafuta noti ya C kwa dakika tano.

Kabla ya kuvunja kibubu, mwenye iPad ajaribu GeoShred. Ni programu ya kupiga kwa kuteleza kidole juu ya kioo, ina uwezo wa kupanga skeli zisizo za piano, na unaweza kununua ala za SWAM ndani yake. Kioo hakihisi shinikizo kama mpira, kwa hiyo ukali unaongozwa na kidole kinapokwenda juu na chini. Si mbadala wa hizo nyingine, lakini utajua kama mwili wako unapenda kuteleza kabla hujatoa hela ya maana.

Robo toni

Anayepiga nyimbo za zamani, zenye rast na bayati, yaani maqam, skeli za Kiarabu, atauliza. Kodiani na kinanda cha kawaida havina robo toni, noti iliyo katikati ya vibonyezo viwili jirani. Gurudumu la kupinda kwa kawaida hufika toni moja kila upande, kwa hiyo robo toni iko kwenye robo ya safari yake. Kuipata kwa kubahatisha huku spiringi inakurudisha katikati ni kazi ya kukatisha tamaa. Fidla ya kutelezwa kwa mpira inafika kirahisi, maana sikio linaongoza kidole, lakini haitulii palepale kila mara. Kwa wimbo mzima wa maqam ni afadhali kushusha noti husika kwenye mpangilio wa skeli ndani ya programu, au kutumia kinanda cha soko la Kiarabu chenye vitufe vya robo toni, kama vya familia ya Yamaha PSR-A, kukituma kwenye kompyuta na kuhakikisha programu inaipokea.

Na hapa kuna mtego uliomkamata karibu kila mtu ninayemjua. Kontrola za MPE kwa kawaida huhesabu mpindo wa nusu toni 48 kila upande, vinanda vya kawaida 2. Namba ya kontrola na ya programu lazima zilingane. Zisipolingana, unateleza nusu kinanda na fidla inasogea kwa unywele, au unatikisa kidole kidogo na fidla inapiga mayowe kama king'ora cha zimamoto. Ukisikia king'ora, usirudishe mzigo dukani.

Jambo la kuchelewa kwa sauti nalipita haraka: weka bafa ya kadi ya sauti (kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukitoa) kwenye sampuli 128, ambayo kwa 48 kHz haifiki milisekunde 3, au 256 kama laptopu inalalamika. Pumzi inagundua ucheleweshaji kuliko kidole. Usitumie Bluetooth kurekodi.

Ningekuwa wewe ningenunua nini

Mpiga kinanda mwenye bajeti ya kawaida, anayetaka fidla na filimbi za kuongoza wimbo: programu moja ya kukokotoa, ala moja tu, na pedali. Ukishazoea mwezi mmoja, ongeza mrija. Usinunue ala kumi na mbili za SWAM kwa sababu ziko kwenye punguzo; fidla moja uliyoijua ni bora kuliko okestra iliyosimama.

Mpiga saksafoni: Aerophone kama unataka vidole vilevile, EWI kama una subira na unapenda mwendo.

Anayetunga muziki wa filamu au kupanga fidla nyingi: Osmose kama pesa ipo, Seaboard kama kuteleza ndiyo roho ya kazi yako. Ukipata Seaboard iliyotumika, pitisha kidole toka mwanzo hadi mwisho ukiangalia skrini, kusikiliza tu hakutoshi. Sehemu ya mpira iliyochoka inaonekana kwa mstari unaokatika. Na uliza kama programu zake zinahamishika kwa jina lako, mwenye nazo aandike kabla hujalipa.

Mpiga gitaa: LinnStrument, au gitaa lako na rafiki anayejua fidla.

Mimi nimebaki na kinanda changu kilekile, pedali mguuni kwa kundi la fidla, na mrija kwa fidla ya kuongoza na filimbi. Seaboard niliirudisha kwa mwenyewe na bado naiota.

Mzee alipokuja tena nilimpigia utangulizi uleule, safari hii kwa pumzi. Alifumba macho. Noti ile ndefu ilipoteleza kupanda akanyanyua kidole kimoja, akakishusha taratibu. Ulipoisha akakaa kidogo.

"Mkono upo," akasema. "Sasa nambie, mwanangu, upinde wako una urefu gani?"

Sikuelewa. Akanyoosha mkono wake wa kulia hewani, akauvuta taratibu mpaka ukafika mwisho, akanitazama. Upinde wa fidla hauzidi sentimita 75. Mimi nilikuwa nimepuliza sentensi moja ndefu isiyogeuka hata mara moja, upinde wa kufika kisiwa cha Chumbe. Alipoondoka nikafungua faili na kupiga upya, ulimi ukikata pumzi kidogo tu, kwenye kipimo cha tatu na cha sita, pale mkono wake ulipokuwa umegeuka.